Pesa ya umma kwa watoto wa awali Dar: tubishe hodi mlango upi?

Kamati ya shule imekaa, wazazi wamesema yao, mwenyekiti wa mtaa ameafiki. Watoto wa darasa la awali ni wengi kuliko nafasi, mwalimu ni mmoja, vitabu vinagombaniwa, na wapo wanaoingia darasa la kwanza bila kutambua irabu. Wote mmekubaliana kwamba serikali isaidie. Ugomvi unaanza pale mtu anapouliza: tukaombe wapi? Mmoja anataka barua iende kwa mkurugenzi. Mwingine anasema tumwone mbunge. Wa tatu ameona shule ya kata jirani ikijengewa darasa la awali lenye michoro ukutani na bembea nje, anataka mradi huohuo uletwe hapa. Mwalimu mkuu anakumbusha kwamba kuna ruzuku inayoingia shuleni, ingawa ni ndogo. Na kina mama wa kikundi wanasema wao wangefungua kituo chao kama wangepata mtaji.

Kila mmoja ana hoja. Dar es Salaam ina halmashauri tano (Jiji la Dar es Salaam, ambalo hadi 2021 lilikuwa Manispaa ya Ilala, pamoja na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni), na katika zote tano njia ni hizohizo. Kinachotofautiana ni hali ya mtaa wenu. Nimezilinganisha njia hizo tano kwa ajili ya kamati za shule, wenyeviti wa mitaa na wazazi ambao wameshachoka kuambiwa "nendeni mkaulize kule".

Kabla ya yote, msiende kama waombaji wa hisani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliiweka elimu ya awali ndani ya elimumsingi isiyo na ada, na toleo la 2023 la sera hiyo limeubakiza mwaka mmoja wa awali kabla ya darasa la kwanza. Mtoto wa miaka mitano wa Mbagala anadai kilicho chake.

Vigezo nilivyotumia

Kwanza, pesa hiyo inalipia nini: jengo, mtu au vifaa? Ni mara chache sana njia moja ikalipia vyote vitatu. Pili, nani anaamua, na je, mnaweza kumfikia? Tatu, inapatikana lini; mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini maamuzi yake hufanyika miezi mingi kabla. Nne, inadumu au ni ya mara moja?

Kigezo cha tano ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote: je, pesa hiyo inaishia kwenye kusoma? Tanzania ina ushahidi wake hapa. Mwaka 2013 na 2014, kupitia mpango wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, shule 350 za msingi katika wilaya 10 ziliingizwa kwenye jaribio. Baadhi zilipelekewa ruzuku ya Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi moja kwa moja. Nyingine hazikupewa ruzuku, ila walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu majaribio ya Kiswahili, Kiingereza na Hisabati. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na shule zilizobaki zilikuwa za kulinganishia. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Bonasi peke yake ilileta matokeo ya kusuasua. Shule zilizopata ruzuku pamoja na bonasi ndizo zilizopanda waziwazi. Jaribio halikuhusu awali, kwa hiyo tusilinyooshe kupita kiasi, lakini funzo lake linatuhusu: vitabu vikiingia shuleni na hakuna anayefuatilia kama mtoto anasoma, vitabu hukaa kabatini.

Ruzuku ya uendeshaji

Hii ndiyo pesa iliyo karibu nanyi kuliko zote. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, hutoka serikali kuu hadi akaunti ya shule bila kupitia halmashauri. Kiwango kilichotumika kwa shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo Sh 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na Sh 6,000 hushuka shuleni. Pigeni hesabu. Shule yenye wanafunzi 1,000 hupata Sh 6,000,000 kwa mwaka, yaani Sh 500,000 kwa mwezi, sawa na Sh 500 kwa mtoto. Nauli ya daladala ya mtu mzima kwa safari fupi imeshapita hapo.

Inalipia vifaa na uendeshaji: chaki, karatasi, majaribio, matengenezo madogo. Haijengi darasa wala hailipi mshahara. Ina vifungu vilivyopangwa na serikali, kwa hiyo kamati haiwezi kuamua kuimwaga yote awali. Lakini ndani ya vifungu hivyo mna sauti ya kweli, kwa sababu mpango wa matumizi hupita kwenye kamati ya shule. Na kifaa cha awali ni cha bei nafuu mno. Kona ya lugha yenye kadi za herufi na silabi, chati kubwa za picha na jina, manila na kalamu za rangi, haimalizi ruzuku ya mwezi. Mwalimu mwenye moyo huongeza vizibo vya soda na maboksi yaliyokatwa.

Ulizeni jambo moja kwenye kikao kijacho: je, idadi ya wanafunzi inayoleta ruzuku imewajumuisha watoto wa awali, na je, kuna shilingi yoyote iliyoandikwa kwa jina lao kwenye mpango wa shule? Katika shule nyingi awali hula makombo. Darasa la saba lina mtihani wa taifa unaotazamwa na wilaya nzima. Mtoto wa miaka mitano hana wa kumsemea isipokuwa mzazi aliyeketi kwenye kamati.

Ubora mkubwa wa njia hii ni kwamba inarudi mwaka baada ya mwaka. Inazifaa shule zenye darasa na mwalimu tayari, ambazo tatizo lake ni watoto kukariri nyimbo za herufi bila kuzitambua zikiandikwa.

Mapato ya ndani ya halmashauri

Hapa ndipo Dar ilipo tofauti na mikoa mingi, na hapa nitakaa kidogo. Halmashauri za jijini zinakusanya: leseni za biashara, ushuru wa huduma, ushuru wa masoko, vibali vya ujenzi. Kuna wilaya huko mikoani ambazo hata zikitaka kujenga darasa la awali kwa pesa zao haziwezi. Kinondoni haiwezi kusema hivyo, wala Jiji.

Pesa hii inaweza kujenga na kukarabati madarasa, vyoo vya watoto wadogo, uzio, meza fupi na viti vyake. Mshahara wa mwalimu wa kudumu hutoka serikali kuu, lakini halmashauri inaweza kuwapanga upya walimu walio ndani ya eneo lake, na hilo halihitaji kujenga chochote. Kiwango cha serikali kwa awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Kama shule yenu ina watoto 140 na mwalimu mmoja, ilhali shule nyingine ndani ya manispaa hiyohiyo ina walimu wa kutosha, dai la kwanza liwe kuhamishiwa mwalimu.

Anayeamua ni Baraza la Madiwani, lakini jambo halifiki barazani lenyewe. Huibuliwa kwenye mkutano wa mtaa, hupelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, maarufu kama WDC, ambako diwani ni mwenyekiti, kisha huingia kwenye mpango wa halmashauri. Wataalamu huliingiza kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri. Kisichoingia humo hakina pesa, hata kama diwani aliahidi mbele ya umati. Kwa hiyo kazi yenu ni ya miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda, wakati vipaumbele vinakusanywa. Mkiamka Machi, bajeti imeshafungwa na mnasubiri mwaka mwingine. Nawasihi wazazi wa awali waende kwenye mkutano wa mtaa wa robo ya mwisho kama wanavyokwenda kwenye mahafali, kwa sababu barabara na mitaro huwa na wasemaji wengi na wenye sauti.

Ardhi ndiyo inayozigawa kata za Dar kuliko pesa. Chanika, Kivule au Goba, eneo linaweza kupatikana, na shida ni kwamba watoto wanaongezeka haraka kuliko matofali. Tandale, Manzese au Vingunguti, halmashauri inaweza kuwa na pesa mkononi na isijue imwage zege wapi. Nyumba zimebanana hadi ukuta wa shule. Huko suluhisho ni ghorofa, au kugawa awali kwa awamu mbili, asubuhi na mchana, ambayo inahitaji mwalimu wa pili tu. Kamati ya kata iliyobanana inayoomba "madarasa mawili mapya" bila kuonyesha yatakaa wapi inajichelewesha yenyewe.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba makadirio si makusanyo. Mradi unaweza kupitishwa kwenye bajeti na kufika Juni ya mwaka unaofuata haujapata hata nondo, kwa kuwa mapato hayakufikia lengo au kipaumbele kilihama. Na darasa jipya si kusoma. Kwa ujenzi na uhamisho wa walimu, ni njia inayozifaa kata zenye diwani anayefikika na wananchi walio tayari kufuatilia mwaka mzima.

Mfuko wa Jimbo

Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo upo kwa sheria ya 2009. Serikali kuu hutenga pesa kwa kila jimbo, mgao ukiangalia mambo kama idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake na pesa hupitia halmashauri.

Neno "kuchochea" lichukuliwe kama lilivyo. Mfuko huu hupenda kukamilisha ambacho wananchi wamekianza: boma la darasa lililofika linta, bati zilizopungua, madawati, tangi la maji, choo. Kwa awali unaweza kuwa mkombozi mdogo. Lakini majimbo ya Dar yana watu wengi na kila kata ina boma lake linalosubiri, hivyo usitegemee kiasi kikubwa wala cha kurudi kila mwaka. Wakazi wa Kivule na Chamazi, zilizotangazwa kuwa majimbo mwaka 2025, wana nafasi ya kuweka awali kwenye vipaumbele mapema.

Haulipi mwalimu na hauangalii kama watoto wanasoma. Inafaa pale ambapo mnaweza kusema kwa picha na kwa hesabu: tumefika hapa, tumebakiza hiki, kinagharimu kiasi hiki.

Miradi mikubwa ya serikali kuu

Darasa lile zuri la kata jirani huenda lilitokana na BOOST, mpango wa awali na msingi wa miaka mitano, 2021/22 hadi 2025/26, unaogharamiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500. Pesa zake hutolewa kwa serikali kadiri malengo yaliyokubaliwa yanavyotimizwa. Umejenga shule mpya na madarasa ya awali ya mfano, na umetia nguvu mafunzo endelevu ya walimu kazini, yaani MEWAKA.

Kwa ubora wa kitu kinachopatikana, hakuna njia nyingine inayoufikia. Darasa la awali la mfano lina choo kinachomfaa mtoto, eneo la kuchezea na nafasi ya kona za kujifunzia. Na ni mradi uliounganisha jengo na mafunzo ya mwalimu, jambo ambalo jaribio la KiuFunza linatufanya tulithamini.

Lakini ninyi hamna sauti kubwa hapo. TAMISEMI na wataalamu wa halmashauri huchagua shule kwa kuangalia takwimu za msongamano na kama eneo lipo. Mchango wenu ni kuhakikisha takwimu za shule zenu ni za kweli na zimepelekwa kwa wakati, na kwamba eneo la shule lina hati au mipaka isiyo na mgogoro. Shule yenye kesi ya kiwanja hupitwa. Pia si kila mradi mnaousikia redioni unafika hapa: Shule Bora, unaofadhiliwa na Uingereza, uko Pwani jirani zetu na mikoa mingine minane, Dar haimo. Na kwa kuwa BOOST ina mwisho, anayeandika barua sasa aulize kwa afisa elimu ni mpango gani unaofuata na vigezo vyake, asiombe kilichofungwa.

Inazifaa zaidi kata za pembezoni zenye ardhi na ongezeko kubwa la watoto.

Mkopo wa asilimia kumi kwa kituo cha mtaa

Njia hii huwa haitajwi kwenye vikao vya elimu, na naiweka kwa sababu kuna watoto ambao njia nne zilizotangulia haziwagusi kabisa: wale wa miaka miwili, mitatu na minne. Awali ya serikali humchukua mtoto wa miaka mitano. Kabla ya hapo, mtoto wa mama anayefungua genge saa kumi na moja alfajiri hulelewa na dada yake, na jirani, au na mtu aliyegeuza sebule yake kuwa "dei kea". Wengine herufi ya kwanza kuikuta ni alifu, chuoni kwa ustadhi, na ni mwanzo mzuri. Jicho la mtoto limeshajua kwamba alama ina sauti.

Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024. Kikundi cha wanawake kilichosajiliwa kinaweza kuandika andiko la kituo cha kulelea watoto mchana. Kituo chenyewe kinahitaji usajili chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na Afisa Ustawi wa Jamii ndiye wa kuanzia. Kinapatana pia na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inayomtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane.

Uamuzi hapa uko mikononi mwa kikundi kuliko katika njia nyingine yoyote. Ila ni mkopo, hautolewi bure. Lazima urudishwe, kwa hiyo kituo kitatoza ada, na mtoto wa mzazi asiye na kitu atabaki nje. Hilo linaniuma, na sioni njia ya kulipamba. Tena kituo si darasa: kumlazimisha mtoto wa miaka mitatu kunakili a e i o u daftari zima ni kumchosha. Hadithi, nyimbo, vitabu vya picha na mazungumzo ndiyo kusoma kwa umri huo.

Mnaanzia wapi, kwa hali yenu

Kama darasa na mwalimu vipo lakini watoto wanafika darasa la pili hawasomi, msiombe jengo. Kaeni na mwalimu mkuu mkapange fungu la awali ndani ya ruzuku, kisha mkubaliane kwamba kila muhula matokeo ya kusoma ya mtoto mmojammoja yataletwa kwenye kikao cha kamati. Hilo la pili halina gharama.

Kama mwalimu ni mmoja kwa watoto mia na zaidi, andikeni kwa mkurugenzi kupitia Afisa Elimu Kata mkiomba mwalimu ahamishiwe kwenu, na idadi halisi iambatanishwe. Wakati mnasubiri, msiwachangishe wazazi kwa lazima ili kumlipa wa kujitolea. Mchango ni hiari, na mtoto hafai kurudishwa nyumbani kwa sababu yake.

Kama watoto wanasomea chini ya mwembe na eneo lipo, anzeni na WDC kabla ya mwaka kuisha ili ombi liingie kwenye mapato ya ndani, na papo hapo hakikisheni takwimu zenu ziko sawa kwa ajili ya miradi mikubwa. Kama boma limesimama na pesa imeisha, nendeni Mfuko wa Jimbo na makadirio ya fundi mkononi.

Kama mko kata iliyobanana, awamu mbili na mwalimu wa pili vitawafikia kabla ya ghorofa. Anzeni navyo, na ghorofa iwe dai la miaka mitatu.

Kama wengi wenu ni wachuuzi na watoto wenu hawajafika miaka mitano, mkopo wa kikundi ndio ulio wazi kwenu. Pigeni hesabu ya ada ambayo mama wa mwisho kwa kipato anaweza kuilipa, kisha muone kama marejesho yanatoka. Yasipotoka, punguzeni mkopo kabla ya kupandisha ada.

Na kama hamjui pengo lenu ni lipi, ahirisheni barua kwa wiki moja. Ombeni rejista ya awali mhesabu walioandikishwa na wanaofika kweli. Halafu, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, wachukueni watoto kumi wa darasa la pili bila kuwachagua, mwape kila mmoja aya fupi ya Kiswahili kutoka kitabu cha darasa la kwanza asome kwa sauti, na mwandike majibu kwenye karatasi moja ya kupeleka mkutano wa mtaa.